Walitudai Maji Ambayo Hayajatoka Mferejini

Meseji iliingia Jumanne jioni. Mathe alikuwa kibandani anakata sukuma wiki, mimi nimesimama juu ya ndoo nikitafuta mwanga mzuri wa kurekodi. Alininyooshea simu bila kusema kitu. Bili ya maji: shilingi 12,740.

Nikacheka. Nilidhani ni wale matapeli wa "tuma kwa hii namba". Lakini namba ya akaunti ilikuwa yetu na jina lilikuwa la mathe, herufi kwa herufi. Kawaida yetu ni mia nane, mia tisa, mwezi ukiwa mbaya sana thao moja. Tunaishi watu watatu Kawangware, upande wa Gatina: mathe, mdogo wangu wa Gredi ya 8 na mimi, kwa nyumba ndogo ya mawe ambayo baba alituachia. Hatuna bustani. Hatuna gari la kuosha. Hata huo mfereji wenyewe unatoa maji Jumatano na Jumamosi tu, na kuna wiki Jumatano inapita kavu.

Mathe hakucheka. Alifuta kisu kwa leso, akasema, "Nitaongea na watu wa chama. Wanikopeshe tulipe kabla hawajakata."

Tulipe kabla hawajakata. Hakuuliza kama hilo deni ni letu. Alishaanza kuhesabu ni wiki ngapi za kuuza mboga zitalilipa. Na singeweza kumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kufanya vivyo hivyo na bili nyingine, na ikanigharimu zaidi ya shilingi 12,740. Nitafika huko.

Kwanza tuongee maji.

Wengi wetu tunajua kusoma sehemu moja tu ya bili: ile namba ya chini kabisa. Hata mimi nilikuwa hivyo. Hiyo jioni ndiyo mara ya kwanza nilisoma bili kutoka juu. Kuna usomaji uliopita, kuna usomaji wa sasa, na tofauti kati yao ndizo yuniti unazodaiwa. Yuniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa lugha ya mtaani, hiyo ni mitungi 50 ya lita 20.

Bili yetu ilisema usomaji uliopita ni 1,019 na wa sasa ni 1,097. Tofauti, yuniti 78. Nikachukua mfuko wa unga uliokuwa umeisha nikapiga hesabu kwa mgongo wake. Yuniti 78 ni lita 78,000. Hizo ni mitungi 3,900 kwa mwezi, mitungi 130 kila siku. Lakini maji hayaji kila siku. Ukihesabu zile siku tisa hivi za mgao ambazo mfereji ulitoa kitu, ingebidi tuchote mitungi 433 kwa siku. Tangi letu ni la lita 500. Tungelijaza na kulimaliza mara kumi na saba kati ya asubuhi na usiku, watu watatu, na mmoja wao bado anapigiwa kelele aoge.

Halafu kuna kitu kingine sikuwa najua. Ada ya majitaka inahesabiwa kama sehemu ya gharama ya maji. Kwa hivyo namba ya maji ikikosewa, ya majitaka inakosewa pamoja nayo. Na bei yenyewe ina ngazi: ukitumia nyingi, kila yuniti ya juu inauzwa ghali kuliko ya chini. Kosa la tarakimu moja linapanda ngazi hizo zote kabla halijafika kwa simu ya mama mboga.

Nikachukua tochi nikaenda kwa geti.

Mita yetu iko ndani ya shimo, chini ya kifuniko cha chuma ambacho watoto wa jirani hukitumia kama ngoma. Kioo kilikuwa na matope na ukungu. Nikakifuta kwa kona ya fulana. Kwa mita kama yetu, tarakimu nyeusi ndizo yuniti, ndizo unazolipia. Zile nyekundu ni vipande vya yuniti, na mtu akizichanganya na nyeusi, bili yako inaweza kupanda mara kumi. Nikasoma nyeusi moja baada ya nyingine kwa sauti, kama mtoto wa nasari: moja, sifuri, tatu, sifuri.

1,030.

Nikasoma tena. Bili ilisema tarehe 3 mita yetu ilikuwa 1,097. Leo ni tarehe 12, na mita hiyohiyo inasema 1,030. Walikuwa wametudai maji ambayo hayajatoka mferejini. Kwa mwendo wetu wa kawaida, tungeyafikia baada ya miezi minane.

Nikapiga picha. Nikarekodi video. Hapo ujuzi wangu wa kazi ulinisaidia: nilianza na geti, nikashuka mpaka shimoni, nikaonyesha kioo, sikukata popote. Halafu nikafanya jaribio la mvujo, kwa sababu nilijua nitaambiwa tuna bomba limepasuka. Unafunga mifereji yote, unatazama kale kagurudumu kadogo kwa uso wa mita. Kakizunguka na hakuna anayetumia maji, kuna mahali panavuja. Nilikaa hapo nusu saa nikikatazama. Hakakusonga.

Mtaani watu hulaumu hewa, na si uongo. Maji yakirudi baada ya siku za ukavu, hewa iliyo kwenye mabomba husukumwa mbele na inaweza kuizungusha mita kabla tone la kwanza halijafika. Lakini hiyo ingefanya namba ya mita yenyewe iwe juu. Yetu ilikuwa chini ya bili. Jua kosa lako ni lipi kabla hujaenda kulalamika, la sivyo utajibiwa lile ambalo si lako.

Kufikia saa tatu usiku nilikuwa na video tayari. Kichwa chake kilikuwa moto. Nilikuwa nabonyeza kuituma mathe akanishika mkono.

"Mami, usitupeleke mtandaoni. Watu watasema tunaiba maji."

Nilitaka kubishana naye. Mimi ni mtu wa mtandao, hiyo ndiyo ofisi yangu. Lakini nyumba ni yake, jina ni lake. Nikaihifadhi.

Kesho yake nikaenda ofisi yao ya huku upande wetu. Sitaitaja kampuni wala ofisi, haitasaidia mtu. Laini ilikuwa ndefu mpaka kwa mlango na karibu kila mtu alikuwa ameshika simu akitazama namba ya chini kabisa. Nilipofika kaunta, jamaa hakunikosea heshima hata kidogo. Alitazama kompyuta yake akaniambia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu:

"Mrembo, mtambo unasema 78."

"Mita inasema tofauti, mkubwa. Hii picha ni ya jana."

"Picha unaweza kupiga ya mita yoyote."

Nikanyamaza. Alikuwa na haki. Picha yangu haikuonyesha namba ya mita.

"Na akaunti ni ya nani?"

"Ya mamangu."

"Aje mwenyewe. Ama mlipe kwanza, kukiwa na kosa itarekebishwa mwezi ujao."

Lipa kwanza. Nimeyasikia hayo maneno maisha yangu yote: shuleni, hospitalini, kwa ajenti wa nyumba. Yanaonekana ya busara mpaka ufikirie yanamwambia nani. Mtu mwenye elfu kumi na mbili amekaa nazo bure anaweza kulipa kwanza. Mama mboga akilipa kwanza, amekopa chama, na riba ya chama haingoji mwezi ujao.

Nikarudi nyumbani nimechoka. Ningeacha hapo, sitadanganya. Kitu kilichonirudisha ni ile aibu ya picha. Kama makosa yangu yalikuwa rahisi hivyo kuonekana, basi pia yalikuwa rahisi kurekebisha. Nikarudi shimoni, nikapiga picha mpya inayoonyesha tarakimu na namba ya mita pamoja, ileile iliyochapwa kwenye bili. Nikaweka gazeti la siku hiyo kando yake, kama vile sinema za utekaji nyara.

Halafu nikaomba mathe mkebe.

Kila nyumba ina mkebe. Wetu ni wa biskuti, wa bluu, na haujawahi kuwa na biskuti tangu nizaliwe. Ndani yake kuna kila karatasi ambayo mathe aliwahi kupewa na mtu mwenye ofisi. Nikamwaga kitandani nikitafuta bili za zamani. Nilipata sita zinazofuatana: yuniti 7, 9, 8, 8, 7, 9. Wastani wa 8. Hiyo ilikuwa dhahabu.

Chini kabisa kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Nikaitambua kabla sijaikunjua. Nikairudisha chini, nikafunga mkebe.

Siku ya pili nikapanda 46 kwenda tao. Hiyo matatu ukiwa dirishani inakufundisha jiji bila ada: inatoka kwetu ambako watu wamepanga mitungi kando ya barabara, na dakika chache baadaye uko upande wa Lavington ambako mtu ananyunyizia nyasi mpira wa maji saa nne asubuhi. Halafu Valley Arcade, Yaya, Hurlingham, tao. Nikatembea mpaka Bustani ya Jeevanjee, nikapata kiti chenye kivuli, mhubiri mmoja upande huu na wabishi wa siasa upande ule, nikaanza kusoma Katiba kwa simu.

Nilisoma vifungu vitatu, na kila Mkenya anaweza kuvisoma bure. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Cha 46 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na kinahusu mashirika ya umma na ya watu binafsi. Halafu cha 47, ambacho nilikisoma mara mbili: ukiwa umeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Kwa maandishi. Jamaa wa kaunta alikuwa amenipa sababu kwa mdomo, na ya mdomo ilibaki kaunta.

Kuna pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, na Sheria ya Maji ya 2016, ambayo imeweka mdhibiti wa hizi kampuni, WASREB, na hata mahakama maalumu ya mizozo ya maji. Utaratibu ni kwamba unalalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, wakikosa kukusaidia ndipo unapanda kwa mdhibiti. Ukizungushwa na ofisi ya umma, kuna Tume ya Utawala wa Haki, ile tunaita Ombudsman. Hawatozi pesa kupokea malalamiko. Sikuhitaji kufika huko. Lakini kujua ngazi iko hapo kulibadilisha jinsi nilivyoandika.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Watu walinicheka baadaye nilipowaambia niliiandika kwa Kiswahili, ati barua ya ofisi ni ya Kizungu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na ile ya kwanza kutajwa ni yetu. Pia nilikuwa na sababu nyingine: mathe ndiye angetia sahihi, na nilitaka aelewe kila neno analolitilia sahihi.

Barua haikuwa na kilio wala tusi. Ilisema: bili ya mwezi huu inaonyesha usomaji wa 1,097 tarehe 3. Tarehe 13 mita inasoma 1,030, picha imeambatishwa na namba ya mita inaonekana. Wastani wetu wa miezi sita ni yuniti 8, nakala za bili zimeambatishwa. Hakuna mvujo. Tunaomba mambo matatu: mkaguzi atembelee mita, bili irekebishwe, na maji yasikatwe wakati mzozo haujaamuliwa. Kama ombi litakataliwa, tupewe sababu kwa maandishi kulingana na Kifungu cha 47. Na mwisho: leo tumelipa shilingi 900, kiasi tunachokubali kuwa ni cha mwezi wa kawaida.

Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko vifungu vyote. Lipa unachokubali. Ukikataa kulipa kila kitu, unaonekana mtu asiyetaka kulipa maji. Ukilipa sehemu yako na risiti iko, ubishi unabaki kwa kosa lao peke yake.

Saiba pale karibu na Moi Avenue wakanichapishia. Lakini sahihi ilikuwa ya mathe, kwa hivyo nikarudi nyumbani nayo.

Aliisoma akiwa kibandani, polepole, kidole kikifuata mistari. Mteja akaja kununua nyanya, akahudumiwa, akaenda. Mathe akarudi kwa mstari ule aliokuwa ameachia.

"Wakikasirika?"

"Wakasirike kwa nini, mum? Ni hesabu."

"Watu wa ofisi hawapendi hesabu za watu." Akanyamaza. "Baba yako angeitia sahihi bila hata kusoma. Alikuwa anapenda vita."

Akatia sahihi. Aliandika majina yake matatu yote, kwa herufi za shule, na akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Makao makuu, hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenifurahia. Nilitumwa ghorofa hii, nikatumwa ile, nikaishia masjala, mbele ya mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Nikampa nakala mbili. Akachukua moja, akagonga muhuri wa kupokelewa kwa zote mbili, akaandika tarehe na namba ya faili, akanirudishia yangu.

"Umefanya vizuri kuleta mbili," aliniambia. "Wengi huja na kelele, na kelele haina mahali pa kugonga muhuri."

Nilishuka ngazi nikiwa nimeishika hiyo karatasi kama cheti. Na mimi, kama mnavyojua, sina cheti.

Nikiwa kidato, mwaka 2018, niliwahi kusikia watu wazima wakibishana kuhusu bili za stima. Wakili Apollo Mboya alikuwa amepeleka Kenya Power kortini kuhusu gharama za nyuma, shilingi bilioni 10.1, ambazo zingeangukia wateja, na Mahakama Kuu ikasimamisha ukusanyaji huo kwa muda. Wakati huo nilidhani kubishana na bili ni kazi ya mawakili. Sasa naona kitu ambacho sikukiona: kabla ya korti, kabla ya alama ya reli mtandaoni, kulikuwa na watu wengi kila mmoja nyumbani kwake akitazama namba na kusema, hapana, hii haitoshani na maisha yangu.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nilipiga simu nikitaja namba ya faili, nikaambiwa inashughulikiwa. Wiki ya tatu, asubuhi ya Alhamisi, wanaume wawili walikuja na pikipiki na spana.

Mimi nilikuwa ndani nimelala, nilikuwa nimehariri video mpaka saa tisa usiku. Nilisikia sauti ya mathe nje, na ilikuwa juu. Mathe haongei kwa sauti ya juu. Nikatoka na kanga.

Alikuwa amesimama juu ya kifuniko cha mita. Kabisa, miguu yote miwili, na ndara zake za kijani. Mkononi ameshika ile nakala yenye muhuri.

"Kijana, soma hapa. Hii ni tarehe. Huu ni muhuri wa ofisi yenu. Hapa nimeandika msikate. Na risiti ya mia tisa ni hii. Sasa wewe nionyeshe yako iliyoandikwa mkate."

Kijana mwenye spana alitazama karatasi, akamtazama mwenzake. Nadhani hawakuwa wamewahi kuonyeshwa karatasi. Wameshaonyeshwa machozi, wameshaonyeshwa mbwa, wameshapewa mia mbili ya chai. Yule mkubwa akaenda kando akapiga simu, akasoma namba ya faili, akasema ndiyo, ndiyo, sawa. Akarudi.

"Pole, mama. Tutaacha. Lakini fuatilieni."

"Tunafuatilia," mathe akasema, na hakushuka kutoka kwa kifuniko mpaka pikipiki ikapinda kona.

Siku sita baadaye mkaguzi akaja, msichana karibu rika langu, na buti na simu ya kazi. Alipiga magoti, akafuta kioo kwa kitambaa chenye maji, akapiga picha. Akaniambia kosa ni la kawaida: kioo kikiwa na ukungu na msomaji akiwa na haraka, 2 inaweza kuonekana 9. Tarehe 3 mita yetu ilikuwa 1,027. Yuniti nane, kama miezi yote. Aliniomba tuwe tunafuta kioo. Tunakifuta sasa, na kila tarehe 1 mdogo wangu anapiga picha ya mita. Ni kazi yake ya nyumbani ambayo haitoki shuleni.

Bili mpya ilikuja wiki iliyofuata: shilingi 870. Tulikuwa tumelipa 900. Kwa hivyo, kwa muda wa mwezi mmoja, kampuni ya maji ilikuwa na deni letu la shilingi 30.

Mathe alicheka mpaka akakaa chini. Alimwonyesha kila mteja aliyekuja kununua vitunguu.

Ningemalizia hapo, na ingekuwa hadithi tamu. Lakini usiku huo mathe alikuwa anarudisha karatasi kwa mkebe, na akatoa ile iliyokunjwa mara nne. Akaiweka juu ya meza, kati ya chai yangu na chai yake.

"Na hii?"

Hii ni taarifa ya ada kutoka chuo nilichokuwa nasoma. Mwaka wa pili, muhula wa pili. Ndani yake kuna mstari wa shilingi 18,500 za hosteli. Sikuwahi kukaa hosteli. Nilikuwa natoka hapa kila asubuhi na 46. Niliuona huo mstari kwa simu, nikaufunga. Nilikuwa tayari na salio la kweli, dogo, na aibu ya hilo dogo ilinifanya nisiulize kuhusu lile kubwa. Niliona nikienda kwa ofisi ya fedha nitaulizwa mbele ya laini yote, wewe ada yako yenyewe umemaliza? Mtihani ukafika, kadi ya mtihani ikazuiwa, nikakosa kufanya. Nikaacha kwenda.

Video yangu iliyotazamwa zaidi ni ile ninayosema niliacha chuo kwa sababu niliona mbali kuliko darasa. Mnaijua. Kuna mtu aliniandikia kwamba ilimpa ujasiri. Nimekuwa nikiibeba hiyo meseji kama jiwe ndani ya kiatu, kwa sababu ukweli wenyewe ni mfupi: nilidaiwa kitu ambacho si changu, na nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kama sahihi.

Simaanishi kwamba ningekuwa nimemaliza digrii leo. Labda ningeacha tu. Napenda kazi yangu. Lakini ningeacha nikijua nimeacha nini na kwa nini, na nisingejitungia hadithi ya ushujaa juu ya karatasi ambayo nilikuwa naogopa kuikunjua.

"Kama unajua kuandika hivi," mathe aliuliza, bila ukali, "mbona ya chuo hukuandika?"

Sikuwa na jibu. Nilisema tu nilikuwa naogopa.

"Hata mimi niliogopa," akasema. "Nikapanda juu ya mita."

Barua ya chuo niliiandika wiki hiyo. Ukurasa mmoja, Kiswahili. Salio ninalokubali nimelitaja, na nimeanza kulilipa kidogokidogo, risiti imeambatishwa. Mstari wa hosteli nimeomba uondolewe, ama nipewe sababu kwa maandishi: chumba namba ngapi, kitanda kipi, kuanzia tarehe gani. Niliipeleka mwenyewe, nakala mbili. Mkono ulitetemeka pale dirishani, lakini muhuri uligongwa.

Leo ni siku ya kumi na nne na hawajajibu. Jumatatu nitapiga simu nikitaja namba ya faili. Nakala iko ndani ya mkebe wa bluu, juu ya bili ya maji, na haijakunjwa.